Rudi Pale Pale: Mwongozo kwa Kijana Anayepiga Picha za Nje na Anataka Ziwe Kazi Yake

Kabla hujaniuliza ununue kamera gani, nijibu mimi kwanza: ni mahali gani pa wazi unapoweza kufika kwa miguu jua likiwa bado halijachomoza? Bwawa, kilima, ufuo, kipande cha msitu, shamba lililoachwa, hata kiwanja chenye miti mitatu. Ukishapata jibu, tuna pa kuanzia. Ukilikosa, kamera ya gharama kuliko zote itakaa kabatini.

Pangu palikuwa bwawa dogo lenye mti mmoja mkavu uliosimama ndani ya maji. Nilikuwa na miaka 16, kamera ya kuazima, na lenzi moja, ile ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera. Wiki ya kwanza niliona nimemaliza kazi: mti nimeupiga kwa mbele, kwa ubavu, wima na mlalo. Picha zote zilifanana na zote zilikuwa zimepooza. Nauli ya kwenda kwingine sikuwa nayo, basi nikarudi pale pale. Nikarudi tena. Ni miaka mitano sasa narudi, na karibu yote ninayokuandikia hapa nilijifunza nikiwa nimechutama kwenye tope la bwawa lile.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao nausimamia kuliko mingine yote, mdogo wangu, ni huu: chagua mahali pamoja karibu nawe, na uende mpaka upajue kama unavyokijua chumba chako gizani.

Kurudi kunafundisha nini

Ukienda mara moja unapiga picha ya mti. Ukienda mara ya kumi unaanza kupiga picha ya mambo yanayoupata ule mti. Mimi nilikuja kugundua kwamba ukungu hupanda juu ya bwawa asubuhi zinazofuata usiku wenye nyota na usio na upepo, hewa ikiwa imepoa kuliko maji. Baada ya hapo sikwenda tena kwa kubahatisha. Nilikuwa natoka nje kabla ya kulala, naangalia mbingu, nahisi upepo shavuni, kisha naamua kama nitatega saa ya kuniamsha.

Jambo la pili lililonichukua muda kulielewa ni kwamba jua halichomozi mahali pamoja. Kati ya Juni na Desemba sehemu linapochomozea huhama kutoka kaskazini ya mashariki hadi kusini ya mashariki, kisha hurudi. Hata kwenye Ikweta linahama karibu digrii 47 kwa jumla, na kadiri unavyokaa mbali na Ikweta ndivyo linavyohama zaidi. Maana yake kwa mpiga picha ni kwamba pahali popote ndani ya njia hiyo jua hupapitia mara mbili kwa mwaka, mara moja likienda na mara moja likirudi. Nilitaka jua lichomoze katikati ya panda ya ule mti. Mara ya kwanza nilichelewa kwa siku tatu, likawa limeshasogea. Nikasubiri miezi hadi liliporudi, na safari hiyo nilikuwa pale wiki nzima kabla yake.

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kila ukitoka andika tarehe, hali ya hewa, ulisimama wapi, na ulichokikosa. Hicho cha mwisho ndicho cha maana. Ukurasa wangu mmoja una mstari huu tu: "Wingu jekundu lilikuja dakika 12 baada ya jua kuzama. Nilikuwa nimeshafunga begi." Tangu siku hiyo sijawahi kufunga begi mapema.

Mwanga

Jua linapokuwa chini, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi kabla ya kukufikia. Njiani rangi ya buluu hutawanywa huku na huku, na kinachobaki kukufikia ni manjano na nyekundu. Ndiyo sababu asubuhi na jioni mawe, nyasi na nyuso za watu huonekana kama zimepakwa asali. Wapiga picha wengi huhesabu muda huo kuanzia jua likiwa kama digrii nne chini ya upeo wa macho hadi digrii sita juu yake. Jua husogea digrii 15 kwa saa. Karibu na Ikweta hupanda karibu wima, kwa hiyo muda wote huo unakupa kama dakika 40 tu, basi. Wanaoishi mbali kaskazini au kusini wana muda mrefu zaidi kwa sababu kwao jua hupanda kwa mshazari.

Fika nusu saa kabla ya jua. Hapo anga huwa na buluu nzito, maji yametulia, na unaweza kupanga picha yako bila papara. Ukifika jua likiwa limeshatoka utakimbizana nalo, na mikono itatetemeka.

Siku ya mawingu mazito wengi hubaki nyumbani. Mimi huingia msituni. Wingu likifunika anga lote, vivuli vikali hutoweka, na hapo majani, magome, maporomoko ya maji na nyuso za watu hutulia vizuri mno. Acha tu anga nje ya picha, maana litatoka jeupe tupu. Mchana wa jua kali ndio mgumu kuliko yote. Mchana mimi hupeleleza: natembea bila kamera begani, natafuta pa kusimama kesho.

Kamera uliyonayo

Kama una simu tu, anza na simu. Futa lenzi yake kwa kitambaa safi, maana jasho la vidole ndilo huleta ule ukungu mnaolalamikia. Gusa skrini na ushikilie ili fokasi, yaani pale picha inapokuwa kali, na mwanga vifungwe, kisha shusha mwanga kidogo kuliko simu inavyotaka. Utajifunza kupanga picha vizuri sana kwa mwaka mzima kabla simu haijakukwamisha.

Ukipata kamera, hata kuukuu, jifunze mambo matatu yanayoamua mwanga: apecha, yaani upana wa tundu la lenzi, spidi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hukaa wazi, na ISO, yaani jinsi kamera inavyoitikia mwanga. Kuna kanuni ya zamani itakayokusaidia kuelewa uhusiano wake. Jua likiwa kali na anga halina mawingu, weka apecha f/16, na spidi iwe moja chini ya ISO yako. ISO 100, spidi karibu 1/100. Ukifungua apecha hadi f/8 umeongeza mwanga mara nne, basi spidi inapanda hadi 1/400. Fanya hesabu hizo kichwani ukitembea njiani, bila kamera, mpaka uzizoee.

Ansel Adams, Mmarekani aliyepiga milima na mabonde kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake, alikuwa barabarani New Mexico jioni ya Novemba 1, 1941, alipouona mwezi umepanda juu ya kijiji cha Hernandez na jua la mwisho likimulika misalaba ya makaburini. Alitega kamera yake kubwa mbio mbio, akatafuta kipimo cha mwanga asikione. Alichokuwa nacho kichwani ni takwimu ya mng'ao wa mwezi. Akapiga hesabu kutoka hapo, akafyatua mara moja. Alipokuwa anajiandaa kupiga ya pili, jua likawa limeondoka kwenye misalaba. Picha ile moja ikawa kati ya zinazojulikana zaidi duniani. Huyu alipewa kamera ya kwanza ya kisanduku mwaka 1916 akiwa na miaka 14, na kwa miaka mingi alikuwa akisomea piano. Ninapokwambia ufanye mazoezi ya kubadili ISO na apecha kitandani, taa ikiwa imezimwa, huyu ndiye ninayemkumbuka.

Kwa mandhari, mimi huanza na ISO 100, apecha f/8 au f/11, kamera ikiwa juu ya tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu. Usikimbilie f/22 ukidhani kila kitu kitakuwa kikali zaidi. Tundu likiwa dogo mno mwanga hupinda kwenye kingo zake na picha nzima hulainika. Ukishika kamera mkononi, spidi isiwe chini ya moja kwa urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 200, spidi 1/200 au zaidi.

Jua pia kwamba kipimo cha mwanga cha kamera kinadhani dunia nzima ni ya kijivu. Ukikipa mchanga mweupe au theluji, kitaishusha iwe kijivu, hivyo ongeza mwanga hatua moja au mbili; kila hatua ni mwanga mara mbili. Ukikipa ndege mweusi kwenye kichaka cheusi, punguza. Usiamini skrini peke yake, hasa juani. Fungua histogramu, ile grafu ya kamera inayoonyesha giza kushoto na weupe kulia. Ule mlima wa grafu ukigonga ukuta wa kulia, sehemu nyeupe zimeungua, na hakuna programu itakayozirudisha.

Piga kwa faili za RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazichakata. Faili la JPEG hubeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 hubeba ngazi 16,384. Tofauti hiyo utaiona siku utakapotaka kufungua kivuli chini ya mti bila anga kuharibika.

Asubuhi 17 na mdiria

Nataka nikueleze picha moja tangu mwanzo hadi mwisho, maana humo ndimo kazi ilimo.

Mdiria, ndege anayevua samaki, alikuwa na mazoea ya kutua kwenye tawi la chini la ule mti mkavu, upande wa kulia. Nilimwona mara ya kwanza kwa bahati. Asubuhi tatu zilizofuata sikupiga picha kabisa. Nilikaa tu nikahesabu. Alikuwa akija, anakaa, anatikisa kichwa mara mbili tatu kana kwamba anapima kina, kisha anajitupa majini. Akipata samaki anarudi tawini, anambamiza kwenye tawi mpaka atulie, halafu anammeza kwa kichwa kwanza.

Nikachagua pa kukaa: jua mgongoni mwangu, usuli nyuma ya tawi ukiwa mwanzi wa mbali uliofifia. Nilisogea hatua chache kila siku ili anizoee, na nilikaa kabla hajafika. Ukifika baada yake unakuwa mvamizi. Niliazima lenzi ya milimita 300. Siku ya tano alikuja na samaki, nikafyatua kwa spidi 1/400. Mwili ulikuwa mkali, kichwa kimekuwa mstari wa ukungu. Siku ya sita nikapandisha hadi 1/1600, kichwa kikatulia, lakini kifua chake cheupe kiliungua. Nikapunguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua. Siku ya tisa kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa fokasi ilikamata tawi badala ya jicho. Jicho lisipokuwa kali, picha ya mnyama haina kitu.

Asubuhi ya 17 alirudi na samaki aliyekuwa bado anapinda, matone yakiruka, mwanga ukiwa wa pembeni kidogo, na nukta nyeupe ya jua ikiwa ndani ya jicho lake. Nilifyatua mara nane. Moja ndiyo ile. Nilibaki nimekaa pale nikilia kidogo, na sioni haya kukwambia.

Kupanga picha

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwenye picha za nje methali hii ichukue kama ilivyo. Piga magoti. Lala kifudifudi. Picha nyingi za wanaoanza zimepigwa kutoka urefu wa macho ya mtu aliyesimama, na ndiyo maana zinafanana. Ukishuka, jiwe dogo linakuwa mlima, na nyasi zenye umande zinajaza sehemu ya mbele iliyokuwa tupu. Lenzi pana hasa inahitaji kitu karibu nayo, la sivyo milima yako yote itakuwa vichuguu.

Kabla ya kufyatua, zungusha jicho kwenye kingo nne za fremu. Tawi linalochungulia kutoka kushoto, mfuko wa plastiki kwenye kona, mstari wa maji ulioinama: hivyo vyote unaviona ukitafuta, usipovitafuta utavikuta nyumbani.

Zoezi ninalolipenda: mkanda wa filamu wa milimita 35 kwa kawaida huwa na picha 36. Toka asubuhi moja kila wiki ukiwa na ruhusa ya picha 36 tu, bila kufuta. Utashangaa jinsi utakavyotulia.

Vifaa, kwa kifupi

Tripodi kabla ya lenzi ya pili, na iwe nzito kuliko unavyopenda kubeba. Betri ya akiba, ukaiweke mfuko wa ndani siku za baridi kwa sababu baridi hula chaji. Kadi mbili za kumbukumbu badala ya moja kubwa. Kitambaa laini. Filta ya kuondoa mng'ao juu ya maji na majani. Mfuko wa plastiki unaofungika, wa kuwekea kamera unapotoka kwenye baridi kuingia kwenye joto, ili umande utande nje ya mfuko na usiingie kwenye lenzi. Vifaa vilivyotumika havina aibu yoyote. Lenzi nzuri ya zamani itakuhudumia miaka mingi kuliko kamera mpya.

Zaidi ya hapo subiri. Nunua kitu pale tu daftari lako linapoonyesha kwamba umekikosa mara tano.

Usalama na heshima

Mwambie mtu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, kila mara, hata kama ni karibu. Ufuoni, jua ratiba ya maji kupwa na kujaa kabla ya kupanda mwambani. Ukisikia ngurumo, ondoka kileleni na uache tripodi. Usilichungulie jua kupitia kioo cha kamera yenye lenzi ndefu, litakuunguza jicho.

Kwa wanyama na ndege, kanuni yangu ni moja: akibadilisha anachokifanya kwa sababu yangu, nimekaribia mno. Kwenye viota vyenye makinda siendi kabisa. Tawi lililoziba kiota limewekwa pale kwa sababu, na ukilikata ili upate picha safi umemwonyesha kila mwindaji njia.

Na uwe mkweli kuhusu namna picha ilivyopatikana. Mashindano ya picha za wanyamapori ya Wildlife Photographer of the Year yalimvua ushindi mpiga picha aliyeshinda mwaka 2009, baada ya majaji kuona kuna uwezekano mkubwa kwamba mbwa mwitu aliyekuwa akiruka lango alikuwa amefunzwa. Mpigaji alikana, lakini picha iliondolewa. Ukimpiga mnyama kwenye hifadhi ya kufugia, andika hivyo kwenye maelezo. Haikupunguzii chochote.

Kazi ya usiku

Ukirudi nyumbani, nakili picha zote siku hiyo hiyo. Lipe kila faili jina linaloanza na tarehe: mwaka, mwezi, siku, kisha mahali. Tunza nakala tatu, kwenye vifaa viwili vya aina tofauti, na moja kati yake iwe nje ya nyumba unayolala. Najua unaona ni mambo mengi. Mimi nilikuwa na diski moja. Ilianguka kutoka mezani, urefu usiofika mita moja, na miezi saba ya bwawa ikaenda nayo. Picha za mdiria zilipona kwa sababu tu nilikuwa nimempelekea dada yangu nakala.

Usichague picha siku ulipozipiga. Siku hiyo bado unazipenda kwa sababu ya baridi uliyovumilia. Subiri wiki, kisha zipitie haraka, na zilizotikisika au zisizo na fokasi zitoke bila huruma. Kuhariri usilipie mwanzoni: darktable, RawTherapee na GIMP ni programu za bure, na zinatosha kabisa. Nyoosha upeo wa macho, rekebisha mwanga, gusa rangi kidogo, acha. Kama nyasi zako zinang'aa kuliko nyasi yoyote uliyowahi kuikanyaga, rudi nyuma.

Kutoka kupenda hadi kulipwa

Usiache shule. Sebastião Salgado wa Brazil alikuwa mchumi aliyesoma hadi ngazi za juu kabla hajahamia kwenye picha mwaka 1973, akikaribia miaka 30, na uelewa ule wa kazi, njaa na uhamiaji uko ndani ya picha zake. Galen Rowell, mpanda milima wa California, alikuwa na biashara ya kutengeneza magari hadi alipoiuza mwaka 1972 ili apige picha muda wote. Wote wawili walikuja na maisha mengine mkononi. Jiografia, biolojia, lugha, hesabu za biashara: vyote hivyo vitakupa kitu cha kupiga na namna ya kujilisha.

Nikwambie ukweli kuhusu kipato pia. Ni wachache sana wanaoishi kwa kuuza picha za mandhari peke yake. Wengi huchanganya: kazi za kuagizwa, picha zilizochapwa, leseni kwa majarida na mashirika ya uhifadhi, kufundisha, kuongoza safari, na sherehe za nje wikendi. Sherehe zile usizidharau. Harusi bustanini itakufundisha kufanya kazi haraka kwenye mwanga mbaya, na kuongea na watu.

Kinachokutambulisha ni mkusanyo. Picha 15 au 20 za jambo moja, zilizopangwa zikaeleweka, zina nguvu kuliko 200 za kila kitu. Hapa ndipo lile bwawa lako linapolipa. Chapa chache kwenye karatasi kubwa uzione. Kwa uchapaji mzuri hesabu nukta 300 kwa inchi: faili la pikseli 6000 kwa 4000 linakupa inchi 20 kwa 13 na kidogo. Kwenye karatasi utaona vumbi la lenzi, fokasi iliyoteleza na rangi uliyozidisha, vitu ambavyo skrini ya simu ilikuficha.

Mwombe mpiga picha unayemheshimu umbebee tripodi. Nilimbebea mmoja miezi minne, na nilichojifunza zaidi kwake ni namna ya kumpigia simu mteja na namna ya kukataa kazi kwa adabu.

Ingia mashindano, lakini kwa kuchagua. Wildlife Photographer of the Year yalianza mwaka 1965, huendeshwa na makumbusho ya Natural History Museum ya London, na yana makundi ya vijana hadi miaka 17 ambao hawalipi kiingilio. Kwingine soma masharti hadi mwisho. Kama yanasema kwamba kila picha iliyotumwa inakuwa mali ya waandaaji, funga ukurasa.

Hilo linanileta kwenye hakimiliki. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao nchi nyingi za dunia zimejiunga nao, picha ni yako tangu unapofyatua, bila kuisajili popote. Mteja kwa kawaida hanunui picha yenyewe. Anakodi matumizi yake. Mteja wangu wa kwanza alitaka picha moja kwa ajili ya kalenda. Nilifurahi mno nikamwandikia, "Itumie tu." Mwaka uliofuata niliiona kwenye tangazo kubwa la biashara yake, na kwenye vifungashio. Nilipouliza, alinionyesha ujumbe wangu. Maneno yalikuwa yangu, na sikuwa na la kusema.

Sasa huandika karatasi moja yenye mambo haya: picha ipi, itumike kwa kazi gani, wapi, kwa muda gani, kama wengine wanaweza kuuziwa hiyo hiyo, malipo kiasi gani na lini. Kwa kazi ya kuagizwa huomba nusu kabla sijatoka nyumbani. Kama hujafikia umri wa kusaini mkataba kisheria, mzazi au mlezi asaini nawe. Weka jina lako na taarifa ya hakimiliki ndani ya faili lenyewe, programu nyingi za kuhariri zina nafasi hiyo. Na kabla ya kazi ya biashara kwenye hifadhi, kwenye ardhi ya mtu, au ya kurusha droni, uliza kibali kwa maandishi. Mtu anayetambulika kwenye picha ya tangazo naye atie sahihi kwamba amekubali.

Ukipanga bei, hesabu kila kitu: nauli, saa za kungoja, saa za kuhariri, betri na shata vinavyochakaa. Picha ya sekunde moja inaweza kuwa na siku tatu nyuma yake. Ukishakubaliana, wasilisha siku moja kabla ya ahadi.

Mti wangu ulianguka mwaka jana kwenye mvua kubwa. Nilikwenda asubuhi yake nikaukuta umelala ubavu, mizizi juu, na mdiria amekaa kwenye mzizi mmoja. Nilipiga picha 36. Wiki chache baadaye mhariri wa jarida moja aliiona moja akaniandikia. Hakuuliza natumia kamera gani. Aliuliza, "Una za kabla haujaanguka?" Nilifungua daftari, nikachagua tarehe 20 za miaka ile, za ukungu, za kiangazi, za jua kwenye panda, ya asubuhi ile ya 17. Nikamtumia nakala ndogo usiku huo huo pamoja na karatasi ya masharti ya leseni. Zote nilizipata ndani ya saa moja, kwa sababu kila faili lilianza na tarehe.